Gari la Mradi Likishaondoka

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati ugonjwa ule ulipoingia Newala, kusini mwa Tanzania. Alipenda kutusimulia jioni akimenya mihogo. Mtu anaamka mzima, anachukua mtungi wake, anashuka bondeni kuchota maji, na kabla hajamaliza kuupanda mlima viungo vimeshamkamata. Goti halinyooki, ngumi haifungi. Nyumbani anafikishwa na wenzake wamemshika kwapani. "Watu walitembea wamejikunja, mjukuu wangu, vijana wakawa kama vikongwe," alikuwa akisema, na yeye mwenyewe anainamisha mgongo kutuonyesha. Wamakonde wakaupa ugonjwa jina kutokana na huko kujikunja. Jina lenyewe ni chikungunya, na leo daktari wa Brazili au wa India analitamka bila kujua Newala iko upande gani wa dunia.

Hilo nililijua nikiwa chuoni nasomea maabara. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni orodha ya homa zinazoletwa na mbu, na alipofika kwenye chikungunya nikanyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, hilo neno ni la kwetu." Hakunibishia. Wiki iliyofuata aliniletea nakala za makala tatu: za Marion Robinson na W. H. R. Lumsden za mwaka 1955, kuhusu mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na ya R. W. Ross ya mwaka 1956, yule aliyevitenga virusi vyenyewe katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Nilizisoma kamusi ikiwa mkononi. Ndani yake niliikuta Newala ya bibi: maji ya shida kule juu, yanafuatwa mbali na kuwekwa akiba majumbani, na mbu wa Aedes wanaozaliana kwenye vyombo hivyo hivyo vya maji.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Damu ilitoka Newala, jibu likapatikana Entebbe, makala zikachapishwa Uingereza, na bibi amefariki bila mtu hata mmoja kumwambia kwamba mbu waliomkunja dada yake walikuwa wakikulia mle mle ndani, kwenye mtungi wa maji. Zaidi ya miaka hamsini alikuwa na jina la ugonjwa, habari yake hana. Watafiti wale walifanya kazi kubwa kwenye mazingira magumu na ninawaheshimu. Ila tangu siku ile, kila ninapoona gari la utafiti likipita na vumbi lake, huwa najiuliza: likishaondoka, nani wa hapa atakuwa anajua jambo ambalo jana hakulijua?

Magari hayo nimeyapanda mwenyewe. Mwaka 2004, nina cheti cha kidato cha nne na sina kazi, nilichukuliwa kuwa mdadisi kwenye utafiti wa kaya wa watu wa Ifakara, ile taasisi ya utafiti wa afya, katika wilaya za Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Tandahimba na Newala. Kaya zilizofikiwa zilizidi 21,000. Badala ya makaratasi tulipewa kompyuta ndogo za kushika mkononi, wakati ambao wengi wetu hata simu tulikuwa hatuna. Vijijini watoto walitufuata nyumba hadi nyumba kuziangalia.

Kilichonikaa zaidi ya kompyuta ni jioni zake. Kabla ya kula, msimamizi alikaa nasi akapitia kazi ya siku. Mashine ilikuwa inakataa jibu lisilowezekana, lakini jibu linalowezekana na si la kweli lilihitaji jicho la mtu. Siku moja akaniuliza juu ya kaya niliyoiandika ina watoto wanne waliopishana mwaka mmoja mmoja kamili. Nilinyamaza. Jua lilikuwa kali, mama wa watu hakukumbuka miaka, na mimi nikakisia. Hakunigombeza. Akasema tu, "Kesho utarudi."

Nikarudi, kwa mguu. Yule mama alinipa maji, akaniwekea kigoda, tukaanza upya. Safari hii sikumuuliza mwaka, nilimuuliza nini kilikuwa kikitokea. Mkubwa alizaliwa mvua za El Nino, barabara zote zimekatika. Wa pili alikuwa tumboni Mwalimu Nyerere alipofariki. Wa mwisho alizaliwa muda mfupi baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji, maana baba yake alikuwa Dar es Salaam na alikuja na basi lililopita juu ya daraja. Kumbe aliijua miaka yote. Aliipanga kwa kalenda yake, na kazi ya kuijua kalenda hiyo ilikuwa yangu. Hapo ndipo niliposomea utafiti. Chuo kilikuja kuongeza vitabu.

Lugha nayo ilinifunza. Kwenye kazi moja ya baadaye tulikuwa na dodoso lililotafsiriwa na mtu aliyekaa ofisini mbali. Swali lilisema: mtoto amepata homa katika wiki mbili zilizopita? Mama mmoja wa Kitangari akanijibu hapana. Nikaandika hapana. Nilipokuwa nafunga begi akasema, kama anayeaga, kwamba juzi mtoto mwili ulikuwa wa moto, usiku kucha hakulala. "Mbona nilipokuuliza homa ulisema hapana, mama?" Akanishangaa: homa ni ile ya kupelekwa hospitali akapimwe, huyu alichemka tu, nikampangusa na maji. Na pwani huko wapo wanaosema wana homa maana yake mwili umechoka, joto hakuna. Neno moja, maana tatu, na jedwali la mwisho lina safu moja tu. Tangu hapo sikubali dodoso liingie kijijini kabla halijakaa siku mbili na watu wa kijiji chenyewe, kwa Kiswahili wanachokiongea, na Kimakonde au Kimwera chao pale kinapohitajika. Wafadhili huona ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe.

Nilipomaliza chuo nikaanza kazi za damu. Wa Lindi na Mtwara wanajua mabusha na matende yalivyotutesa. Minyoo michanga inayoleta maradhi hayo hushinda imejificha kwenye mishipa ya mapafu, na hutoka kwenye damu ya juu usiku, wakati ule ule mbu wake wanapouma. Kwa hiyo kuipata ilibidi tupime kuanzia saa nne usiku hadi saa nane. Siku hizi kuna kipimo cha haraka kinachofanya kazi hata mchana, lakini sisi tulikuwa tunakesha.

Sasa jaribu kufikiri: wageni wanaingia kijijini usiku wa giza, na gari, na glavu, wanataka damu. Pwani yetu ina hadithi za mumiani tangu enzi za mababu. Kijiji kimoja cha pwani ya Lindi, usiku wa kwanza tulipata watu kumi na mmoja. Mtendaji alikuwa amepiga mbiu, mwenyekiti alikuwa amekaa na sisi, na bado watu walisimama mbali kwenye kivuli cha mwembe wakitutazama.

Aliyekuja karibu alikuwa mzee wa kanzu, mwenye busha la miaka mingi, anatembea kwa shida. Nikamwamkia, akaitikia. Nilipomtoboa kidole akaniuliza kwa upole, "Bwana mdogo, hii damu yangu inakwenda wapi?" Nilikuwa na jibu la kwenye fomu ya ridhaa, maneno ya maabara na usiri. Sikulitoa. Nilimwambia, "Ukitaka, mzee, nikuonyeshe." Nikaweka tone bichi kwenye slaidi, nikalifunika na kioo chembamba, mwenzangu akashika tochi chini ya hadubini. Nikatafuta, nikatafuta, mpaka nikampata: uzi mwembamba unajinyonganyonga na kuzisukuma chembe za damu huku na huku.

Mzee akainama kwenye jicho la hadubini. Alikaa muda mrefu, nikafikiri haoni kitu. Kisha akasema, polepole, "Anacheza." Akaangalia tena. "Yuko hai. Ndani yangu." Akanyanyuka, akageukia mwembe, akaita watu kwa majina. Alisimama pale saa nzima akieleza kwa maneno yake vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, kwamba busha halitokani na uchawi wala maji ya madafu, ni mdudu, na mdudu ana mbu wake. Usiku wa pili watu walijaa mpaka slaidi zikatuishia. Zile dawa za mwaka, ivermektini na albendazoli, ambazo kila mwaka walikuwa wakizipokea na kuzitupa vichakani, mzee ndiye aliyekuja kuwa mgawaji wao.

Naiona kanzu ile mpaka leo. Mwongozo wetu wa kazi haukuwa na mstari hata mmoja unaosema muonyeshe mtu damu yake.

Lililonitia uchungu lilikuja baadaye, na mradi wenyewe sitautaja. Ulidumu miaka mitatu, ulitulipa vizuri, na wakuu wake walikuwa watu wa heshima. Siku ya kufunga palikuwa na hotuba na soda. Jenereta ikapakiwa, friji la sampuli likapakiwa. Hadubini walituachia, ila bila rangi ya kutia sampuli wala slaidi, na kwenye bajeti ya halmashauri haikuwekwa hata shilingi ya kuzinunua. Ile chumvi ya hewa na unyevu wa masika hazina huruma: haukupita muda lenzi zikaota ukungu. Nilikuwa nazifuta kila Ijumaa kwa pamba na spiriti, nikijua sina cha kuangalia. Data zilikuwa kwenye seva ambayo nywila yake hatukupewa. Mganga Mkuu wa Wilaya alipotaka kujua ni wajawazito wangapi wa wilaya yake walikutwa na upungufu wa damu, akaambiwa aandike barua ya maombi. Watu wake, damu yao, barua ya maombi.

Wadadisi tulitawanyika. Mmoja yuko kwenye bodaboda, mmoja ana duka la pembejeo Masasi. Vijana waliokuwa wanajua kuchora ramani ya kijiji, kuchagua kaya kwa bahati nasibu, kugundua jibu la kukisia. Ujuzi ule ulilipiwa na mtu, tena kwa fedha nyingi, na ukaachwa umwagike.

Nisieleweke vibaya. Tumetoka mbali. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na leo hakuna utafiti wa afya unaoingia kijijini bila kibali cha maadili, wala sampuli haivuki mpaka bila mkataba. Ifakara yenyewe ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, na sasa ni taasisi ya Kitanzania inayoongozwa na Watanzania. Lakini kibali kinamzuia mtu kukuibia. Hakikufundishi kuuliza swali lako mwenyewe. Hilo nilikuja kuliona likifanyika kwenye zahanati moja ya vyumba vinne, Newala, bila mfadhili.

Pale palikuwa na muuguzi mkunga, dada mtu mzima, miaka kumi na sita kazini. Nilipita kuchukua taarifa za mwezi, nikamkuta amekasirika. Watoto wa chanjo ya surua hawaonekani. "Hawa kina mama wamezembea," akaniambia, "mimi nimeelimisha mpaka sauti imekauka." Nikamuuliza kama daftari la watoto la MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya, lipo. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama zahanati ina mlango. Lipo, na la mwaka juzi lipo, na la mwaka wa kabla ya hapo, yote yamefungwa kwa kitambaa cha kanga juu ya kabati.

Tukayatandaza kwenye benchi la wagonjwa. Yeye akasoma, mimi nikapiga vijistari kwenye karatasi ya miraba, mwezi kwa mwezi, kitongoji kwa kitongoji, bila jina la mtoto yeyote. Saa mbili hivi. Alipoona vijistari vinapungua akaacha kusoma. Vilipungua Januari, vikapotea kabisa Machi, vikarudi Juni. Kila mwaka. Na vilipotea kwa vitongoji vile vile. Akaweka kidole juu ya Machi. "Hawa wamehama," akasema.

Wiki ile akaenda mwenyewe kuuliza. Mama mmoja akamjibu, "Nesi, sisi mvua zikianza tunashuka Ruvuma kwenye mpunga. Juu ndege, chini nguruwe. Nikiacha shamba siku mbili kwa sindano moja, nitavuna nini?" Mwaka uliofuata zahanati ilipeleka huduma ya mkoba bondeni, chanjo kwenye kasha la baridi nyuma ya pikipiki, siku mbili kwa mwezi. Watoto wakapatikana huko huko kwenye madungu ya shamba. Yule dada alilieleza jambo hilo kwenye kikao cha wilaya akiwa ameshika ile karatasi ya miraba, mikono inatetemeka, mbele ya waganga na maofisa mipango. Alipokaa aliniambia kwamba miaka kumi na sita amejaza vitabu vile na kuvituma, na hakuna aliyewahi kumuuliza vinasema nini.

Nimefika warsha nyingi za kujenga uwezo. Hoteli nzuri, posho nzuri, siku tano za takwimu kwa Kiingereza kwa mtu ambaye akirudi kituoni yuko peke yake na foleni ya watu sabini. Sijaona mafunzo yaliyoshinda benchi lile na kanga ile, kwa sababu swali lilikuwa la kwake na jibu lilibaki mikononi mwake.

Na uwezo huo una siku yake. Julai 2022, Ruangwa, watu walianza kufika kituo cha afya wakiwa na homa, kichwa kinauma, mwili umechoka, damu inatoka puani. Mtu angeweza kuandika malaria kwenye daftari, akatoa dawa, na maisha yakaendelea. Watoa huduma waliona kuwa hii si ya kawaida, wakatoa taarifa juu. Wataalamu wakaja, vipimo vikaondoa Ebola, Marburg na Uviko, na tarehe 18 Julai Waziri wa Afya Ummy Mwalimu akautangazia umma kuwa ni Homa ya Mgunda, inayoletwa na bakteria wa Leptospira kutoka kwenye mkojo wa wanyama. Wagonjwa 20, vifo 3. Ugonjwa una dawa, na kwa kuwa ulijulikana mapema, watu walitibiwa. Nikamkumbuka bibi. Miaka sabini hivi toka ule wa Newala, na safari hii watu wa kusini waliambiwa kilichowapata wakiwa bado wanaugua.

Kwa hiyo inawezekana. Shida ni kwamba bado tunaitegemea bahati: bahati ya kumpata muuguzi anayeshangaa, mkuu wa kituo anayesikiliza. Mwaka 1990 tume ya kimataifa ya utafiti wa afya kwa maendeleo ilishauri nchi zetu zitenge angalau asilimia 2 ya matumizi ya afya kwa ajili ya utafiti na kujenga uwezo wa utafiti. Mimi sipigi hesabu za taifa. Naangalia bajeti ya halmashauri, kifungu cha karatasi ya miraba, rangi ya Giemsa, mafuta ya pikipiki ya kurudisha majibu kijijini, na nasema fedha hizo si za kutisha.

Hapa Mtwara tuna mfano tunaoupita kila siku bila kuuona. Mkorosho una kituo chake cha utafiti, Naliendele, kilomita chache tu kutoka mjini. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ulipoanza kuyaangusha maua ya mikorosho, palikuwa na watu wa hapa hapa, mwaka hadi mwaka, wanaojua miti ile, wanaojaribu dawa hii na mbegu ile, na mkulima anajua mahali pa kwenda kuuliza. Hawakuja na gari la miaka mitatu. Ninautakia mwili wa mkulima kile alichopata mkorosho wake.

Na swali la kwanza linatoka huko huko korosho. Wapulizaji wa salfa, ule unga wa kuzuia ubwiriunga, ni vijana wenye mashine mgongoni, wengi hufunga tisheti tu puani. Ikifika msimu wanakuja zahanati macho mekundu, wanakohoa. Wanaandikwa kikohozi, wanapewa dawa, wanarudi shambani. Yule dada muuguzi ndiye aliyeniambia mwaka jana: "Mbona kikohozi cha wanaume kinapanda mwezi ule ule wa salfa, au ni macho yangu?" Hatukujibu haraka. Tulikaa na wenzake wa zahanati tatu jirani, tukakubaliana tuulize nini na tuandike wapi, mganga wa wilaya akasoma, maombi ya kibali yakaandikwa na wao wenyewe kwa mwandiko wao, mimi nikasaidia kuchapa. Jina la kwanza juu ya fomu ni la kwake.

Kibali kilitoka. Kupuliza kunaanza Juni. Madaftari tumeshayagawa, kila moja na kalamu mbili na rula, na safu ya mwisho upande wa kulia tumeiacha wazi makusudi, kwa ajili ya mambo ambayo wapulizaji wenyewe watataka yaandikwe.